Mionzi Haisikiki

Kila asubuhi, kabla mgonjwa wa kwanza hajaitwa, Milimita alijaza maji kwenye tangi la plastiki, akalilaza kwenye kitanda cha mashine ya mionzi na kulipiga miale kama mtu. Waliliita mgonjwa wa maji. Ndani yake mlikuwa na kifaa kidogo cha kuonyesha kama miale imetua pale ilipotumwa. Milimita ndiye aliyeikagua mashine, na jina hilo alipewa kwa sababu maneno "karibu sawa" yalimtia homa.

Kifaa kilipoharibika, aliomba kingine. Meneja akamjibu kwamba kiko kwenye mchakato. Mchakato, kama tujuavyo, una mlango wa kuingilia tu.

Jumatatu iliyofuata aliingia mama mkwe wake, aliyekuwa amefariki tangu mwaka juzi. Alivua viatu, akavipanga mlangoni, akapanda kitandani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Washa."

Milimita alitoka akiwa ameinamisha macho, maana mkwe ni mkwe, akafunga mlango mzito na kuwasha.

"Imekwenda kushoto, upana wa ukucha," mama mkwe alisema kwenye kipaza sauti. Milimita akarekebisha. "Haya. Sasa waite watu."

Hakuna aliyeshangaa. Hata alipokuwa hai, hakuna sufuria aliyoipita bila kuifunua. Mwendesha mashine alimletea mto. "Wenzako mama wakwe zao wanawakagulia vyombo," alimtania Milimita. "Wako anakukagulia mashine. Shukuru Mungu." Na Milimita alishukuru kwa moyo wote.

Mama mkwe aliisikia mionzi kama mtu anavyolisikia jua mgongoni. Aliisikia tangu alipokuwa anatibiwa kwenye kitanda hichohicho. "Nasikia joto begani," alisema wakati ule, "na ugonjwa wangu uko shingoni." Wakamjibu kwa upole, "Mionzi haisikiki, mama." Ndivyo walivyofundishwa wote, Milimita naye, na aghalabu ni kweli. Kifaa cha kupimia kilikuwa kwenye mchakato wakati huo pia. Bega likaungua, shingo ikabaki na ugonjwa wake, wakamzika.

Kisha, mama mkwe akiwa bado anakuja kila asubuhi, mke wa Milimita akaota uvimbe, shingoni palepale pa mama yake.

Asubuhi ya matibabu yake ya kwanza, mama mkwe alikataa kushuka kitandani.

"Rudia."

"Mama, mara hii ilikuwa sawa."

"Sawa ya nani? Rudia."

Milimita alirudia mpaka jasho likamlowesha kola. Mama mkwe aliporidhika alijisogeza, akampisha binti yake, akamtengenezea mto. Mke alilala mahali palipokuwa bado na joto la mama yake. Alisema baadaye kwamba hakuogopa hata kidogo.

Uvimbe uliisha polepole, kama sabuni ya mtu anayeishi peke yake. Daktari alipoupapasa na kuukosa, Milimita alilia mbele ya wagonjwa wote, wala hakuona haya.

Kesho yake mke alikuja na maua kuwashukuru. Mama mkwe naye alikuja, lakini hakuvua viatu. Alikuwa na mkoba mkononi.

"Mwanangu amepona," alisema. "Mimi sasa nakwenda kupumzika."

"Mama, asante," Milimita alisema. "Sina cha kukulipa."

"Nilipokuwa hai hukunisikia, baba. Siku hizi unanisikia. Nimeshukuru."

Meneja alifika kutoa pongezi. Alisema takwimu ni nzuri mno, na kwa hiyo ombi la kifaa limeondolewa rasmi. "Kifaa cha nini tena? Tuna mama." Watu walipiga makofi. Mke alikuwa bado anagawa maua, na katika furaha hiyo mwendesha mashine aliingiza mgonjwa wa kwanza, mzee wa makamo mwenye uvimbe kifuani, akafunga mlango na kuwasha.

Sauti ya mzee ilisikika kwenye kipaza sauti.

"Mwanangu, nasikia joto shavuni."

"Mionzi haisikiki, mzee," mwendesha mashine alimjibu kwa upole.

Milimita alikimbilia kitufe chekundu, akakibonyeza kwa kiganja kizima. Mama mkwe alikuwa ameshafika kwenye ngazi. Alirudi, akauweka mkoba sakafuni, akavua viatu na kuvipanga mlangoni.