Kikombe cha Mazoea Mema

Jumanne ya pili ya Machi, saa nne kasorobo asubuhi, Noreen Tunnicliffe alikuwa amebakiza vikombe kumi na kimoja kati ya arobaini na vinane. Kila kimoja alikiandika kwa mkono, kwa rangi ya buluu, maneno mawili: Mpenzi Wangu. Alianza na mguu wa M, akakizungusha kikombe kwa kidole cha kushoto, akamaliza kabla burashi haijakauka. Kazi hiyo alikuwa ameifanya miaka ishirini na sita katika kiwanda cha Bwana Podmore mjini Longton, na hakuwahi kukosea herufi ila wiki aliyomzika mama yake.

Kengele ya chai ilipolia, mwanamke mwenye kofia ya mvua aliingia kutoka upande wa duka, kikombe kikiwa ndani ya mfuko wa plastiki.

"Kinavuja," alisema.

Clifford, mkaguzi wa kiwanda, alikigonga kwa kijiti chake akasikiliza. Kililia vizuri, maana yake hakikuwa na ufa. Akakijaza maji ya bomba, na maji yakatulia.

"Mbona kizima, bata?" alisema, akimwita kama mji huo unavyomwita kila mtu.

"Kwako kizima. Mimi nikinywa kinavuja. Alininunulia mume wangu."

Mwanamke alikipokea. Maji yakaanza kutoka kwenye kitako, mahali ambapo hapakuwa na tundu, yakamtiririka mkononi mpaka kwenye kiwiko. Clifford alikipindua, akakifuta kwa aproni, akasoma maneno ya ubavuni.

"Basi tatizo si udongo," alisema.

"Ndicho nilichokuwa nahofia," alisema mwanamke, akaomba abadilishiwe apewe chenye neno jepesi kidogo.

Kufikia Pasaka vilikuwa vimerudishwa vikombe mia na sita, na kiwanda kizima kilishaujua utaratibu. Kikombe kilishika chai iwapo neno lililoandikwa halikuzidi kilichokuwamo moyoni mwa aliyekitoa zawadi. Likizidi, kilivuja, na kadiri lilivyozidi ndivyo kilivyovuja kwa kasi. Neno likiwa dogo kuliko moyo, hakuna lililotokea. Chombo hakilalamiki kwa kutwishwa mzigo mdogo.

Wanawake wa chumba cha maandishi hawakuona ajabu yoyote. Wao walizijua daraja za maneno kabla vikombe havijazijua. Mpendwa ni neno la barua: huanza nalo barua ya mama mzazi na huanza nalo barua ya ofisi ya kodi, na kwa hiyo lilivuja polepole, kama jasho. Laazizi ni neno la wenye nyumba kubwa za kule mlimani, ambao hulitumia zaidi wakiwa wamekasirika. Mpenzi ndilo lililokuwa zito, ingawa watu wa hapa hukitupa hovyo kitenzi chake; mtu atakuambia anapenda chipsi zenye siki, anapenda mvua ikikatika, anampenda mkewe, yote kwa pumzi moja. Kikombe hakikuchanganya mambo hayo.

Chini ya hayo yote kuna neno ambalo wageni hulidharau kwa kutolijua. Ni la mtu aliyekizoea kitu kwa wema na asingefurahi kikiondoka: mbwa mzee, kiti cha karibu na moto, shemeji asiyesema sana. Kiwandani liliandikwa Kwa Mazoea Mema, na wengi walilinunua kwa ajili ya walimu wanaostaafu.

Bwana Podmore alibandika tangazo dukani kuwaomba wateja wachague neno kwa uangalifu, kwani kikombe kilichokwisha kutolewa zawadi hakipokelewi. Kisha akaagiza viandikwe vikombe vya Bata. Hili ni neno la mji wenyewe. Huitwa bata muuza samaki, polisi, mtoto wa jirani, na mtu wa kusoma mita ya gesi. Askofu alipokuja kubariki paa la kanisa aliitwa bata mara tatu kabla hajavua koti. Neno hilo lina uchangamfu mwingi na ahadi hakuna, kwa hiyo vikombe vyake havikumvujia mtu yeyote. Oda zikaanza kuja mpaka kutoka miji ya pwani.

Tangu hapo Noreen hakutulia. Alifuta vumbi rafu ileile mara mbili kwa jioni moja. Aliinuka mezani kuangalia kama mlango wa nyuma umefungwa, akarudi, akainuka tena kwa mlango uleule. Mumewe Arnold, aliyeendesha basi la mjini miaka thelathini na mitano kabla ya kustaafu, alikuwa akimwita bata tangu siku ya kwanza. Abiria wake wote aliwaita bata. Hata posa yenyewe ilikuwa, "Unaonaje bata, tufunge ndoa tu?" Neno jingine Noreen hakuwahi kulisikia kwake, na kwa miaka thelathini na mmoja alijiambia kwamba ndani ya bata lile mlikuwa na kitu zaidi.

Nyuma ya saa ya ukutani palikuwa na barua ya dada yake Glenys, mwenye nyumba ya wageni huko Llandudno. Kilikuwapo chumba chenye dirisha la baharini, na kazi ya kutosha mtu mmoja. Njoo ukae, aliandika Glenys, umechoka kuandika mapenzi ya watu. Alitaka jibu litumwe ifikapo Jumatatu, kwa sababu kuna mwingine anakitaka chumba.

"Muulize tu," alisema Beryl, jirani yake wa benchi kiwandani, ambaye aliisoma barua hiyo bila kuombwa siku Noreen alipoibeba kwenye aproni.

"Nimuulize nini?"

"Kama anakupenda."

"Atasema, 'Kwani unaumwa, bata?'"

Beryl alicheka mpaka akaharibu herufi. "Basi mpe vikombe yeye akupe. Mdomo unakwepa, mwenzangu, kikombe hakikwepi. Wangu alinipa cha Laazizi. Nimekitundika juu ya maua ya dirishani, kila asubuhi nakijaza maji. Hujawahi kuona maua yakastawi namna hiyo."

"Na yeye?"

"Yeye nani? Yeye anasema maua yamependeza."

Jumapili alasiri Noreen alivipanga vikombe vinne juu ya meza ya jikoni. Arnold alikuwa amemaliza chapati zake za oti na jibini, akisoma gazeti la njiwa wa mashindano ya mbio, kama wale aliowafuga nyuma ya nyumba. Cha Bata hakukileta. Hakikuwa na la kumwambia.

"Nipe kimoja kimoja," alisema. "Unipe kweli, kwa mkono, kama zawadi."

"Si siku yako ya kuzaliwa leo, bata."

"Najua."

"Wala si Krismasi."

"Arnold."

"Haya, haya. Shika."

Cha Laazizi kilikuwa kitupu kabla hajaketi nacho. Hilo halikumuumiza, hata yeye asingejua la kufanya na mtu wa kumwita laazizi. Akatandika taulo mezani. Cha Mpendwa kilishuka taratibu, kikafika nusu habari za redio zilipokwisha. Arnold aligeuza ukurasa.

Kisha akampa cha Mpenzi. Noreen alitia maziwa mwenyewe, akamimina chai, akatia sukari, akakoroga mara mbili. Mara ya tatu kijiko kiligonga kitako kikavu. Taulo lilikuwa limelowa mpaka upande wa pili wa meza, na chai ilikuwa ikidondoka kwenye slipa za Arnold. Akasogeza miguu.

"Kimebaki kimoja," alisema Noreen.

Hicho cha mwisho, cha Mazoea Mema, walikingojea saa nzima. Chai ilipoa ikafanya utando juu. Arnold aliweka gazeti chini, akainama, akapapasa kitako kwa kidole gumba, akakitazama kidole kwenye mwanga. Kilikuwa kikavu kabisa.

"Sasa hiki ndicho kikombe," alisema kwa furaha. "Hivyo vingine Podmore anawauzia watu vichujio."

"Unajua vinapima nini?"

Arnold alikunja gazeti lake, akalikunjua. "Clifford alinieleza baa. Ni neno zuri hilo, bata. Mimi watu niliowazoea ni wachache sana."

"Na njiwa."

"Njiwa ni jambo jingine."

Noreen alifuta meza, akakamua taulo kwenye sinki. Alipogeuka, Arnold alikuwa amenyoosha mkono, kiganja juu, kama alivyokuwa akipokea nauli.

"Na mimi je? Nipe changu, tusipendeleane."

Kwenye mfuko wa aproni alikuwa na kimoja zaidi, kimefungwa kwa gazeti. Alikiandika siku ya Ijumaa wakati wa chakula cha mchana, wenzake wakiwa nje. Alikifungua, akampa, akamimina chai mpaka ukingoni, akaendelea kumimina hadi chai ikasimama juu ya ukingo kwa upana wa uzi. Haikumwagika. Wakakitazama wote wawili. Chini yake meza ilikuwa kavu, na mvuke ukapanda moja kwa moja.

Arnold alisoma neno lililoandikwa. Masikio yake yakawa mekundu.

"Kimetoka vizuri hiki," alisema. "Asante, bata."

Jumatatu, kabla ya kwenda kazini, Noreen alikaa na kalamu. Aliandika Mpendwa Glenys, na karatasi ikakaa kavu. Akaandika kwamba mwaka huu haitawezekana, kwamba jiko la makaa linamshinda Arnold, kwamba njiwa wanakaribia msimu. Akasimama, akaenda mlangoni, akarudi, akaitia barua kwenye bahasha bila kuisoma.

Glenys alipiga simu Alhamisi.

"Kwani amekufanyia nini huyo?"

"Hajanifanyia kitu."

"Ndiyo maana nauliza."

"Hapigi, halewi, hatukani mtu. Kila siku ananitengea chai."

"Hata mimi wageni wangu nawatengea chai, Noreen. Na siwajui majina."

"Mpe chumba huyo mwingine," alisema Noreen. Halafu Glenys akamuuliza habari za hali ya hewa.

Kufikia Agosti, vikombe vya Mpenzi Wangu vilikuwa vimeondolewa katika orodha ya kiwanda kwa kukosa wanunuzi. Watu waliendelea kuoana kama kawaida, wakapeana Bata. Noreen aliandika Bata arobaini na vinane kabla ya kengele ya saa nne, na kwa kuwa neno ni fupi, ilimbakia robo saa kila asubuhi asiyojua la kuifanyia. Alizunguka benchi. Aliosha burashi zilizokwisha kuwa safi.

Kikombe ambacho Noreen alimpa Arnold kilihamia kwenye kibanda cha njiwa nyuma ya nyumba. Arnold alieleza sababu, nayo ilikuwa ya haki: ndicho chombo pekee alichowahi kumiliki ambacho hakikupoteza tone, hata siku zile za joto ambapo vyombo vingine hukauka kufikia saa sita mchana. Njiwa walikipenda. Waliinamisha vichwa wakanywa bila kuinua shingo, na mmoja wao, jike la kijivu, alishinda mashindano mawili mfululizo.

Kile cha Mazoea Mema hukaa mezani, upande wa Noreen. Kila asubuhi Arnold hukijaza, maziwa kwanza, sukari moja, kama Noreen anavyotaka, na hajawahi kusahau. Noreen hukinywa baadaye, hadi mwisho, na kukisuuza.

Lakini kwanza husimama kwenye sinki, mgongo ukiwa upande wa meza. Hukitoa kabatini kile cha Mpenzi alichopewa ile Jumapili, hukijaza chai ya moto kutoka kwenye birika, na kukipeleka kinywani hapohapo. Asubuhi za kwanza alipata funda moja. Sasa amekuwa mwepesi. Akikishika kwa mikono miwili na asipopumua, hupata mafunda manne kabla hakijaisha. Ulimi wake umeota ngozi ngumu, na hasikii tena moto.

"Mbona hukai, bata?" Arnold huuliza kutoka nyuma ya gazeti.

"Nakuja," husema Noreen, chai ikimtiririka mpaka kwenye kiwiko, naye tayari amelifikia birika.