Tazameni Juu, Kuna Kigong'ota

Walipotokea tena kwenye kile kikanisa cha Bikira Maria, chenye mlango wa bluu na maua ya plastiki yaliyopauka, Delfina alijua leo kuna mzee atamtambua yeye ni nani.

Wageni nao walikijua. Kikanisa ulichokipiga picha muda si mrefu hukisahau hivihivi.

"Hiki si kile cha mwanzo?" akauliza bwana mmoja mwenye fimbo mbili za kutembelea na soksi zilizovutwa hadi magotini.

"Vinafanana," Delfina akajibu.

"Mpaka paka?"

Paka alikuwa palepale kwenye ngazi, mkao uleule, akiwatazama kama mtu anayeona wageni wamesahau kofia.

Delfina hakumjali bwana wa soksi. Alimjali Bi. Morandini, mama mwembamba aliyetumwa na ofisi ya mkoa, ambaye tangu asubuhi hajasema lolote zaidi ya "mm". Akirudi ofisini kwake na kusema Njia ya Maziwa Mawili inafaa, njia itaingia kwenye ramani ya mkoa, na ile nyumba ya hifadhi ya kupokelea watalii pale ziwa la chini, anapofanya kazi Delfina, itaendelea kufunguliwa. Akisema haifai, nyumba inafungwa vuli hii, na Delfina anarudi Milano kupokea simu za watu walioharibikiwa na mashine za kufulia. Aliifanya kazi hiyo miaka kadhaa. Mpaka leo akisikia mashine ikizungusha nguo anaomba samahani.

Na njia yenyewe haikuwa na ugumu. Unatoka ziwa la chini, unapita msituni, unatokea ziwa la juu, unakula polenta, ule ugali wa mahindi wa huko, na samaki. Alikata vibao mwenyewe, akachora mishale myeupe, akaipigilia kila penye njia panda. Hata mlevi angefika.

Ila hiki ni kijiji cha Roccamera. Mtu wa Roccamera atakueleza presha yake, mshahara wake, na mke wake alivyomkimbia na fundi bomba. Muulize anakookota uyoga wa porcini, ataanza kukohoa. Gaudenzio, babake Delfina, kila Septemba aliegesha gari makaburini, akaingia getini na maua mkononi, halafu akatokea kwenye tundu la ukuta wa nyuma, upande wa msitu, akiwa na kikapu. Ukihesabu kwa mwezi huo, hakuna marehemu Italia nzima aliyetembelewa kama mkewe. Kikapu alikifunika majani, na akiulizwa amepata nini alikuwa na jibu moja: "Mvua haijatosha." Mahali penyewe aliachiwa na babake hospitalini, na mzee yule hakufungua mdomo mpaka nesi alipotolewa nje.

Delfina alikwenda nyuma ya kikanisa, akapiga simu.

"Baba, uko wapi?"

"Kwa kinyozi," Gaudenzio akanong'ona.

"Kwa kinyozi unanong'ona?"

"Ermes ana mteja amelala."

Ndege akaimba kwenye simu, wimbo mzima, na kiitikio.

"Na huyo?"

"Ermes kanunua chiriku."

"Baba, nimesimama hapa na mama wa mkoa, tumefika kwa huyu Bikira mara ya pili, nadhani sasa anatuombea yeye. Umegeuza mshale."

Chiriku wa Ermes akaendelea.

"Nimegeuza mmoja tu," Gaudenzio akasema. "Ule wa kwenye mwaloni uliopigwa radi. Mmoja, Delfina. Kidogo tu."

"Mmoja hauwezi kunizungusha hivi. Na wa darajani?"

"Huo sijaugusa. Huo utakuwa wa shangazi yako Iride." Kisha sauti ikabadilika, ikawa tamu. "Kumbe Iride anaokotea karibu na daraja?"

"Baba."

"Na wa machimbo ya mawe je, nao umegeuzwa?"

"Nao."

"Ermes," akasema, kama mtu aliyefumbua fumbo la ujana wake wote. "Nilijua tu. Yule mwongo eti anaokotea ng'ambo ya ziwa."

Delfina akaegemea ukuta. Wazee watatu, kila mmoja kwa siri yake, kila mmoja akijiona mjanja peke yake, kila mmoja amesukuma njia mbali na uyoga wake. Na njia, maskini, ikisukumwa huku na huku, ikajikunja kama mbwa anayetafuta pa kulala.

"Njoo hapa," akasema. "Sasa hivi."

"Niko kwa kinyozi, mwanangu."

"Njoo na kinyozi."

Alitokea vichakani kabla bwana wa soksi hajamaliza ndizi yake. Nywele zake zilikuwa hazijaguswa tangu Pasaka. Kikapu kilikuwa mkononi, kimefunikwa majani.

"Nilikuwa napita," akawaambia wageni.

"Mm," akasema Bi. Morandini.

Delfina akamvuta pembeni. Mawingu yalikuwa yameanza kushuka mlimani, meusi, na upande wa ziwa la juu mwenye mgahawa alikuwa ameshaanza kukoroga polenta, kitu ambacho hakisubiri mtu.

"Nikiwarudisha nyuma nikawazungusha, mvua inatupiga na huyu mama anakosa treni," Delfina akasema. "Nipe njia nyingine."

"Hakuna nyingine."

"Wewe unapita wapi?"

Gaudenzio akaanza kukohoa.

"Sikiliza, mzee. Tangu mama afariki unaniambia baki, nyumba kubwa, nani atakaa nami. Nimebaki. Sasa niambie ulitaka mimi nibaki au uyoga ubaki? Maana mwezi wa kumi na moja nitakuwa Milano, na wewe utakaanga hizo porcini zako ule na televisheni."

Mzee alitazama kikapu. Akatazama viatu. Akamtazama paka, ambaye hakumsaidia.

"Kuna njia ya mkato," akasema, na ilivyomtoka ungedhani ni jino.

Akawageukia wageni, akavua kofia, na Delfina akamwona babake akigeuka kuwa mtu mwingine mbele ya macho yake.

"Mabibi na mabwana, kuanzia hapa, macho juu. Huku kuna kigong'ota mweusi, kichwa chekundu, mkubwa kama kunguru. Ila ana hulka yake. Mkitazama chini anajiona amedharauliwa, anahama."

"Anajuaje tunatazama chini?" akauliza bwana wa soksi.

"Bwana, yeye yuko juu. Anaona visogo."

Wakaondoka wamekaza shingo, midomo wazi, kundi zima kama vifaranga wanaosubiri kulishwa. Bwana wa soksi alijikwaa kwenye mzizi akaanguka chali, na hata pale chini aliendelea kutazama juu, jambo ambalo Gaudenzio alimsifia sana. Mbele kidogo misonobari ikaachana, kukawa na uwazi wenye zulia laini la kuvumwani, na Delfina, aliyekuwa mkia wa msafara, akatazama chini.

Zilikuwepo. Kofia za kahawia, nene, zimejaa kama mikate iliyoangushwa na mwokaji. Babake alikuwa akirukaruka kando ya kundi, mkono mmoja unaonyesha mbinguni, mguu unasukuma majani juu ya uyoga. Wakakutana macho. Delfina akaangalia pembeni, akajifanya anafunga kamba za buti.

Hapo juu kabisa kitu kikagonga mti. Ko-ko-ko-ko.

"Yule pale," akasema Bi. Morandini. Lilikuwa neno lake la kwanza lenye maana siku hiyo, na uso wake ulikuwa wa mtoto. "Kweli ana kichwa chekundu."

Aliyeshangaa kuliko wote ni Gaudenzio.

Walifika ziwa la juu matone ya kwanza yakianguka, polenta ikiwa bado inafuka moshi. Bi. Morandini alikula sahani mbili, na maneno yaliyokuwa yamemkwama tangu asubuhi yakafunguka. Njia anaikubali. Nyumba ya hifadhi ibaki wazi. Sharti moja tu: ule mzunguko wa kikanisani ufutwe, haueleweki. Njia ipite kwa vigong'ota, na akija mwezi wa nne aone mishale.

Uma wa Gaudenzio ukasimama hewani. Kisha akainuka, akaenda kusimama kwenye mvua kutazama ziwa. Hakuna aliyejua anatazama nini. Lilikuwa ziwa tu.

Jumatatu Delfina alirudi msituni na vibao, rangi na nyundo. Darajani na machimboni alirekebisha mishale akitukana kwa majina. Kwenye mwaloni wa radi akasimama. Kushoto ni kwa babake. Kulia kuna kilima cha misonobari kinachofika ziwa lilelile kwa kuzunguka kidogo, na huko hakuna aliyewahi kuona uyoga hata wa sumu. Vigong'ota nao hakuna.

Alisimama sana. Alikasirika sana pia, na hakujua tena amkasirikie nani. Kisha akapigilia mshale kulia.

Usiku ule alimwambia babake mezani, bila kumtazama, kwamba mwezi wa nne ndege lazima wawepo kilimani, atawatoa wapi yeye Delfina hajui, hiyo ni shida ya mzee. Gaudenzio hakusema asante. Aliongeza mvinyo kwenye glasi ya Delfina. Majira yote ya baridi yeye, pamoja na Iride na Ermes waliokuwa wakilipia mishale yao, walipanda kilima wakitundika mafuta ya nguruwe kwenye miti kuwavutia ndege, wakigombana wapi panafaa, na kila mmoja akirudi kwa njia tofauti ili asifuatwe. Bi. Morandini alipokuja, vigong'ota walikuwa wamenenepa kiasi cha kuhurumiwa.

"Mm," akasema, na akaweka sahihi.

Septemba iliyofuata, asubuhi moja baada ya mvua nzuri, Shangazi Iride alikutana na Delfina kwenye ukuta wa nyuma wa makaburi.

"Umeamkia wapi, we mtoto, na kikapu?"

"Kumsalimia mama."

"Na hayo majani juu?"

"Maua yaliisha," Delfina akasema, na akajichukia palepale.

Nyumbani alikuta babake ameketi jikoni na buti zenye matope, kikapu chake kitupu mbele yake. Uso ulikuwa wa mtu aliyeibiwa na mtu anayemfahamu.

"Mtu amepita," akasema.

Delfina akasukuma kikapu chake chini ya meza kwa mguu.

"Mvua haijatosha, baba," akasema, akaenda kuandaa kahawa.