Uso wa Mpasua Mawe

Shangazi alikuwa anapofuka, na daktari hakumficha. Presha ya macho ilikuwa imekwisha kumla pembe zote za macho. Kilichobaki, alisema daktari, ni kama kuitazama dunia kupitia tundu la kitasa, na tundu lenyewe linazidi kuziba. Mtu mwingine angelia. Shangazi alirudi nyumbani, akavua viatu, akaniambia:

"Kuna kitu kimoja nataka kukiona kabla ya giza. Uso wa baba yangu. Na wewe ndiye utakayenipeleka."

"Shangazi, babu alikufa kabla hujazaliwa."

"Kwani nimesema nataka kusalimiana naye? Nimesema nataka kumwona."

Picha ya babu haikuwapo, kwa sababu hakuwahi kupigwa. Alikuwa mpasua mawe kwenye machimbo yaliyotoa mawe ya kujengea chuo kikuu, na jabali lilimwangukia wakati bibi ana mimba ya shangazi. Lakini binti wa jirani, anayesoma hukohuko chuoni, alikuwa amemwambia shangazi kwamba katika jumba lao la makumbusho kuna ukuta wa nyuso. Enzi za ujenzi, mwalimu mmoja wa sanaa aliwalaza mafundi na vibarua chali, mmoja mmoja, akawamwagia jipsamu usoni, akabaki na sura zao. Majina hakuandika. Aliandika kazi tu.

"Sasa utamjuaje?" nikauliza.

Akanishika kidevu, akanigeuza huku na huku kama anayechagua nyanya. "Bibi yako alisema tangu ukiwa mchanga: mume wangu karudi. Nitakusimamisha ubavuni pake, basi."

Maneno hayo yalinichoma. Mimi ni fundi wa dari za jipsamu. Kazi nimejifunza mwenyewe, hakuna aliyenishika mkono, na mtaa mzima unaniita Jipsamu kwa heshima ya kazi hiyo. Sipendi kuambiwa kwamba mimi ni nakala ya mtu. Nikamwambia hivyo hivyo, kwa sauti iliyovuka kidogo mpaka wa adabu.

"Na kiburi nacho ulijifundisha mwenyewe?" akauliza. "Nenda kavae shati safi."

Tulikwenda siku ambayo chuo hufungulia wageni milango. Njia ya kwenda makumbusho ilipita katikati ya bustani ya mimea, na kila mti ulikuwa na kibao chake shingoni kama mtoto aliyepotea. Familia zilikuwa zimekaa kwenye nyasi, watoto wanakimbia kulizunguka bwawa la samaki. Kelele zilikuwapo, lakini kila tulivyosogelea majengo zilififia, mpaka nikasikia viatu vyetu tu. Majengo yalikuwa ya mawe matupu, meusi, yamepasuliwa kwa mkono. Alama za patasi zilionekana. Shangazi aliacha mkono wangu, akawa anatembea huku kiganja chake kinaburura ukutani.

"Pengine hili alilipasua yeye," akasema. Baada ya hatua kidogo, "Au hili."

Ndani tulipokewa na msichana mwanafunzi, kitambulisho kifuani, maneno yamejaa kinywani. Alikuwa ameyakariri yote, na ukimkatiza alirudi mwanzo wa sentensi. Nikambatiza Kasuku, kimoyomoyo. Kasuku alitupitisha kwenye chumba cha wanyama waliokaushwa, wenye macho ya kioo yaliyotutazama tukiingia na tukitoka, kisha chumba cha mawe, kisha akafungua mlango wa ukumbi mrefu usio na dirisha.

"Hapa ndipo pana nyuso za waliojenga chuo," akasema. "Zimetundikwa kila moja kwa kimo cha mwenyewe, ili mgeni akutane naye uso kwa uso. Kama mnavyoona, wote wamefumba macho, kwa sababu jipsamu mbichi inaunguza. Tafadhali msiguse, msivuke kamba."

Nilikuwa nimeingia nikiwa na moyo wa fundi, nataka kukosoa kazi. Sikukosoa. Mwanaume gani huyo aliyeimwaga jipsamu hii? Vinyweleo vya ngozi vilionekana. Kwenye nyusi za mchoma chokaa kulikuwa na nywele halisi zilizonaswa, nyeusi bado. Seremala alikuwa mfupi, shangazi akamwinamia. Mbeba maji alikuwa na midomo iliyobinywa, kama mtu anayejizuia kucheka. Tuliwapita taratibu, na nikajikuta nawaomba radhi ninapowapita karibu, kama mtu anayepenya kwenye foleni.

Wapasua mawe walikuwa mwisho wa ukumbi. Walikuwa watatu.

Shangazi alisimama. Kisha akanivuta, akanisimamisha kando ya wa kwanza, akasogeza tundu lake la kitasa kutoka kwangu kwenda kwake, kutoka kwake kuja kwangu. Akanihamisha kwa wa pili, halafu kwa wa tatu. Akanirudisha.

"Huyu ana pua yako," akasema. "Huyu ana mdomo. Yule paji la uso."

"Huenda walikuwa ndugu."

"Babu yako hakuwa na ndugu. Simama wima, usinikunjie sura."

Alirudia tangu wa kwanza. Kasuku aliitwa na kelele za watoto wa shule waliovamia chumba cha wanyama, akatuacha na onyo moja la kidole. Shangazi alikaa kwenye benchi katikati ya ukumbi, akayafikicha macho yake kana kwamba yangeweza kusafishika.

"Mwanangu, nimechelewa," akasema. "Mwaka jana ningemjua. Sasa naona vipande tu. Nitaingia gizani nimembeba baba wa mtu mwingine, nimpe na salamu zangu zote, na wangu abaki hapa anasubiri."

Nikawageukia wale watatu. Mtu akizidiwa, mikono yake hutafuta kazi. Sisi watu wa jipsamu tuna mazoea: ukikuta jipsamu yoyote, ya nani, ya lini, unaibonyeza kwa kidole gumba. Ikiwa haijakomaa itaacha alama; ikikomaa itakuwa baridi na ngumu kama sahani. Hatujiulizi. Ni kama mshonaji anavyoshika pindo la gauni la mtu asiyemjua. Nilivuka kamba bila kujua nimevuka, nikambonyeza wa katikati kwenye paji la uso.

Alikuwa na joto.

Jipsamu hupata joto mara moja tu katika maisha yake, inapoganda. Baada ya hapo hupoa, na haichemki wala hailainiki tena hata uiombe. Hii ilikuwa na joto la kitu kilichomwagwa sasa hivi, na kidole changu kilizama. Wakati huohuo nilihisi kidole kikinizamia mimi, palepale, juu kidogo ya nyusi ya kulia. Niligeuka haraka kuona nani kanigusa. Hapakuwa na mtu nyuma yangu.

"Una nini hapo?" shangazi akauliza kutoka kwenye benchi.

"Wapi?"

"Kwenye paji. Kuna shimo."

Nikajishika. Kulikuwa na kibonyeo laini, sawa na upana wa kidole gumba changu. Hakikuuma. Hilo ndilo lililonitisha zaidi, kwamba hakikuuma.

Shangazi alikuwa amekwisha simama. Alitazama paji langu, akatazama la yule wa katikati, na akili yake, ambayo haijawahi kuwa na presha yoyote, ikafika kabla ya yangu.

"Wabonyeze na hawa wengine," akasema.

"Shangazi, tuondoke."

"Nimesema wabonyeze!"

Nikambonyeza wa kushoto. Baridi, mgumu, jiwe. Wa kulia vilevile. Sikuhisi chochote mwilini mwangu, nikarudi nyuma mpaka kando ya benchi. Shangazi alivuka kamba kama anayevuka kizingiti cha nyumba yake mwenyewe, akaweka viganja viwili juu ya mashavu ya wa katikati, na mimi, niliyesimama mbali kiasi cha kutoweza kumfikia, nikahisi viganja vya moto vya mwanamke mtu mzima vikinishika mashavu.

"Baba," akasema. "Shikamoo."

Akaanza kumwambia. Alimwambia jina alilopewa, na nani alimpa. Alimwambia kwamba mama hakuolewa tena ingawa walikuja wa kuja. Alimwambia kuhusu mtoto wake aliyekufa mchanga, jambo ambalo hatulizungumzi nyumbani. Huku anasema, vidole vyake vilikuwa vinamsoma nyusi, pua, mikunjo ya pembeni mwa mdomo, na kila kilichosomwa kwake kilisomwa kwangu. Nilijaribu kupiga hatua. Miguu ilikuwa yangu, lakini haikutaka.

Kisha akasogea karibu zaidi.

"Sasa nimekuona," akasema. "Lakini wewe hujaniona."

Nikahisi vidole gumba viwili vikitua juu ya kope zangu.

"Shangazi," nikasema. "Usifanye hivyo."

"Ni laini bado. Nitayafungua taratibu."

"Shangazi, mimi ndiye ninayehisi."

Hakugeuka. "Najua, mwanangu. Ndiyo maana nakuomba wewe, siiombi hiyo jipsamu."

Ningeweza kukataa. Natamani niseme nilikubali kwa upendo, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nimekasirika. Maisha yangu yote nimeishi nikiambiwa mimi ni mtu huyu, na hasira ilitaka kumjua mtu mwenyewe, tukabiliane. Nikafumba macho yangu. "Haya," nikasema. "Fungua."

Vidole vilisukuma kuelekea juu. Hakukuwa na maumivu, kulikuwa na uzito tu, kama unapoamshwa usingizini na mtu anayekupenda. Mwanga ukaingia.

Niliona uso wa shangazi karibu sana, umejaa machoni mwangu, machozi yamekwama kwenye vinyweleo vya shavu. Sijawahi kumwona shangazi kutoka mbele kwa ukaribu huo. Mwili wangu ulikuwa hatua nyingi kutoka pale. Na nyuma yake, mbali, karibu na benchi, niliona kijana aliyevaa shati safi, amefumba macho, mweupe kama aliyepakwa chokaa, hajitikisi. Nilimwonea huruma kabla sijamtambua.

Halafu furaha ikanijaa, na haikuwa furaha yangu. Nilijua kwamba mwanamke huyu ana masikio ya mke wangu. Mimi sijaoa. Nilijua kwamba nimemsubiri mahali penye giza na vumbi la mawe, na kwamba kitu pekee nilichokuwa nataka kukijua ni kama alizaliwa mzima. Nilimtazama nikahesabu viungo vyake kama anavyohesabiwa mchanga: mdomo, pua, shingo. Alikuwa mzima. Nilitaka kumwambia, lakini midomo ilikuwa imeganda zamani.

"Ameniona," shangazi akasema, akaondoa mikono.

Nikafumbua macho yangu, nikajikuta nimesimama kando ya benchi, shati limelowa jasho. Kasuku alikuwa anaingia na watoto wa shule wamemfuata kama vifaranga. Nilijua tumekwisha. Kwenye ukuta, mpasua mawe wa katikati alikuwa ametumbua macho mapana, meupe, anatutazama.

"Na hawa watatu ni wapasua mawe," Kasuku akawaambia watoto kwa sauti yake ya kukariri. "Huyu wa katikati, kama mnavyoona, ni wa pekee katika ukumbi wote, kwa sababu yeye alichukuliwa chapa akiwa na macho wazi. Wataalamu hawajui aliwezaje kuvumilia. Tafadhali msiguse."

"Si ulisema wote wamefumba?" nikamuuliza.

Alinitazama kama mgeni aliyelewa. "Huyu amekuwa hivi siku zote, kaka."

Nilikwenda mbele ya ule uso, nikaugusa kwa ncha ya ukucha. Ulikuwa baridi, mgumu kama sahani. Ulikuwa umekomaa.

Shangazi alipofuka kabla ya mvua za mwaka huo kwisha, na sijawahi kuona mtu akipofuka kwa amani namna ile. Anavunja vikombe, anacheka. Lakini hakukubali kwamba mambo yamekwisha kwa kuwa yeye haoni tena. "Yeye si anaona?" husema. "Basi nipeleke." Kwa hiyo kila siku ya wageni nampeleka. Siingii ndani. Kasuku humshika mkono na kumwongoza, na mimi hukaa bustanini kwenye benchi karibu na bwawa, nikafumba macho.

Hapo ndipo ninapomwona akiingia. Namwona amefunga kitambaa kipya, ameshika ile kamba, anasogea pembeni mpaka anasimama sawasawa mbele yangu bila kuelekezwa. Anasema habari za nyumbani. Ananisema na mimi pia, kwamba siku hizi nimepoa, sigombani na watu, kwamba nimekaa tu na chakula kinapoa mbele yangu. Namsikiliza akimsema yule kijana na nakubaliana naye.

Mlinzi wa bustani amezoea kunitikisa bega saa za kufunga. Mara ya kwanza aligusa tu, nikaamka. Juzi alinitikisa sana. Nilimsikia kwa mbali, kama mtu anayeita kutoka juu ya machimbo: "Wewe kijana, tunafunga! Kijana!" Nilijua ni nani anayeitwa, na nilijua ni adabu kuitika. Lakini binti yangu alikuwa hajamaliza kuzungumza, na sikuwa nimeshiba kumtazama.