Mkuu wa Shule Asiyefundishwa Ukuu

Mwalimu wa hesabu alikabidhiwa shule ya bweni yenye wanafunzi mia tisa kwa barua ya mistari minne. Darasani alikuwa moto wa kuotea mbali, na wanafunzi walimwita Pembetatu. Ila namna ya kuendesha shule hakuwa amefundishwa na mtu.

Wiki ya tatu alikuta karatasi chini ya mlango wa ofisi: “Ijumaa bwalo linaungua.”

Akamwita makamu wake, mzee aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu.

“Wakuu waliotangulia walifanyaje?”

“Mmoja alifunga shule. Mwingine aliita polisi. Wa tatu aliugua ghafla,” makamu akajibu. “Huyo wa tatu ndiye aliyetoka salama.”

Pembetatu hakucheka. Akampigia simu mjomba wake, mhadhiri wa elimu chuo kikuu.

“Mjomba, nisaidie. Utafiti unasemaje?”

“Utafiti upo, mwanangu, lakini ni wa shule za mbali, zisizofanana na yako. Hapa kwetu hakuna hata mmoja aliyesomea uongozi wa shule mpaka uzamivu. Miaka sita tunaomba kuanzisha masomo hayo. Seneti ya chuo inasema si lazima.”

Basi akabaki kubahatisha. Alhamisi aliwarudisha nyumbani wanafunzi wanne waliosifika kwa ubishi. Walipotoka getini, shule nzima ilinyamaza. Walimu walipita ukutani ukutani, hakuna aliyetaka kuyapa mgongo madirisha ya mabweni. Ukimya ule ulimtisha kuliko kelele.

Ijumaa saa sita mchana moshi ukatoka ghala la bwalo. Pembetatu alikimbia viatu vikimvuka, akihesabu vichwa uwanjani kwa sauti, akikosea, akianza upya. Wanafunzi wote walipatikana. Mpishi mkuu aliungua mikono yote miwili.

Uchunguzi ulionyesha kwamba wale wanne hawakuhusika. Waliowasha moto walikuwa wamelalamikia maji ya bwenini mara tatu, na malalamiko yakaishia kwenye droo ya makamu. Pembetatu aliwafuata wale wanne makwao, mmoja mmoja, akawaomba radhi mbele ya wazazi wao. Hospitalini alimlisha mpishi uji, kijiko kwa kijiko.

Mwezi uliofuata mjomba alimpeleka mbele ya seneti. Alisimama, akasimulia yote, pamoja na makosa yake.

“Mwalimu,” mwenyekiti akauliza, “shahada ya uzamivu ingezuia moto ule?”

“Sijui, mheshimiwa. Na nchi nzima hakuna mtu wa kumuuliza. Hilo ndilo linalonitisha.”

Masomo yalipitishwa kwa kura mbili za ziada. Pembetatu alijiandikisha, pamoja na wakuu wengine sita. Siku ya kwanza mjomba aliwauliza ni nani kati yao anayeiogopa shule yake. Walitazamana kwanza, kisha mikono yote saba ikainuka.