Kimondo Avunja Ukuta Mwingine

Ilikuwa siku ya pili tu, na Fundi alishachoshwa na Kimondo kuliko alivyowahi kuchoshwa na mtu yeyote wa kweli.

"Amepita ukutani tena," alisema, akafunika kitabu cha katuni alichokuwa akisoma, kidole kikiwa ndani. "Baba, mlango upo. Umechorwa hapo pembeni, na kitasa chake. Ana ugomvi gani na ukuta?"

"Soma, mama," baba yake alijibu, sauti ikitokea chini kwenye mto. "Usichambue. Wewe soma."

Mzee alikuwa amelala kifudifudi, paji la uso limeegemea taulo lililoviringishwa. Jicho lake la kushoto lilizimika zamani. La kulia, lililobaki, pazia lake la nyuma lilikuwa limebanduka. Daktari alilirudisha kwa upasuaji, kisha akatia humo kiputo cha hewa ili kilikandamize. Kwa siku saba uso utazame chini. Akiinuka ovyo kiputo kinahama, pazia linabanduka tena, na hapo ndiyo basi, giza moja kwa moja.

Fundi hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Kazi yake ilikuwa kupiga plasta, na plasta iliyobanduka aliijua: unaikandamiza, halafu huigusi mpaka ishike. Tofauti ni kwamba ukuta haulalamiki. Mzee huyu alijaribu kuinuka mara tatu kabla ya chai. Mara shingo, mara nzi, mara anataka kujua ni nani aliyepiga hodi kwa jirani.

Kilichomtuliza ni sanduku la katuni za mashujaa alizozikusanya tangu ujana wake, alipokuwa karani wa masjala. Alilinda zile katuni kama alivyolinda mafaili ya serikali. Alitaka bintiye naye awe karani. Wageni walipouliza, aliwaambia binti "yuko kwenye mambo ya ujenzi", akanyamaza papo hapo, nao wakaondoka wakidhani ana ofisi na kiti cha kuzunguka. Miaka minne nyuma Fundi alimpigia plasta sebule nzima, peke yake, siku tisa. Alipomaliza, mzee aliuliza tu rangi itapakwa lini. Neno hilo lilimkaa Fundi kooni mpaka leo.

Na sasa yuko hapa, ameomba ruhusa kazini, anamsomea mtu mzima habari za mwanamume aliyevaa shuka shingoni.

"Shuka la nini?" aliuliza siku ya tatu. "Kwenye mashine ya kuchanganya zege huyu hamalizi asubuhi."

"Ndivyo mashujaa wanavyovaa."

"Na uso amefunika macho tu. Mchumba wake anamtazama hivi, pua ile ile, kidevu kile kile, eti hamjui! Huyo mwanamke ndiye wa kupelekwa kwa daktari wa macho."

Hata kusoma kwenyewe kulimtoa jasho. Maneno yalielea ndani ya viduara, huku kimoja, kule kingine, na mara mbili alisoma jibu kabla ya swali. Mzee alimsahihisha bila kuona chochote, maana vitabu vyote alivijua kwa moyo. Kisha alikuwapo Daktari Kutu, adui mkuu, ambaye kila akimfunga Kimondo kwenye bomba anaanza kumweleza mipango yake yote, hatua kwa hatua, mpaka Kimondo anapata nafasi ya kujifungua.

"Amalize kazi kwanza, ndiyo aongee!" Fundi alifoka. "Wasaidizi wa namna hii ninao wawili."

Siku ya nne Kimondo alikufa. Kurasa tatu za mazishi, mji mzima umeinamisha vichwa, mchumba ameshika lile shuka. Fundi alisoma polepole, na bila kutaka akajifuta chozi kwa mgongo wa mkono. Akafungua kitabu kilichofuata. Kimondo huyu hapa, mzima wa afya, anatoboa ukuta wa benki.

"Baba, mimi nimelia!" alisema kwa hasira. "Nimelia, kumbe huyu mtu yupo!"

Siku ya sita walifika kitabu cha mwisho. Jengo lilimwangukia Kimondo, mkono wake tu ukabaki umechomoza, na chini msomaji akaambiwa asikose toleo lijalo. Fundi alipekua sanduku hadi chini. Hakukuwa na toleo lijalo.

"Duka lilifungwa," mzee alisema. "Miaka thelathini na miwili sijui alitokaje." Akavuta pumzi. "Basi, mama. Nimechoka. Niinuke kidogo tu, dakika moja."

Viwiko vyake vilishajikaza kwenye godoro. Fundi alimwekea kiganja kisogoni.

"Tulia! Kipo kingine. Kilinasa chini ya sanduku."

Mzee alilijua lile sanduku ndani nje. Lakini alirudisha paji la uso kwenye taulo.

Fundi alifungua mikono yake mitupu, akasoma. Kimondo akatoka kwenye kifusi, akajipangusa, akautazama mji. Kuta kumi na nne alizozivunja zilikuwa wazi, watu wanapigwa na upepo. Akaona haya. Akavua shuka, akachukua mwiko wa ujenzi.

"Hakuna anayepigwa?" mzee aliuliza.

"Hakuna. Anapiga plasta. Ya kwanza imemwangukia yote miguuni, ameweka maji mengi."

"Anajua kunyoosha ukuta kwa timazi?"

"Atajulia wapi? Anafundishwa."

"Na nani?"

"Na mwanamke mmoja hivi. Ana hasira."

Mabega ya mzee yakaanza kutikisika.

"Usicheke, Baba! Jicho!"

Alimsomea kuta zote kumi na nne, ukuta baada ya ukuta, mpaka siku ya saba ikaisha.

Daktari alipofungua bandeji, mzee alihesabu vidole bila kukosea, ingawa alisema vina ukungu. "Kila asubuhi," daktari alimwagiza, "tazama kitu ambacho una hakika kimenyooka. Ukikiona kimepinda, njoo siku hiyo hiyo."

Kesho yake Fundi alimkuta amesimama sebuleni, peke yake, pua karibu inagusa ukuta.

"Nani amekuambia uzurure? Kama ni kupima jicho, fremu ya mlango iko pale!"

"Imepinda tangu tulipohamia."

"Basi rafu."

"Rafu niliigonga mimi mwenyewe, haifai." Mzee aliweka kidole kwenye kona ambako kuta mbili zinakutana, juu kabisa alipofika, akakishusha taratibu. "Nimezunguka nyumba nzima, mama. Nimekosa kingine cha kuamini. Ni hii kona yako."

Fundi alikuwa na maneno ya miaka minne tayari mdomoni. Akayaacha, akasogea mpaka kwenye ile kona.

"Na leo unaionaje?" aliuliza.

"Imenyooka," alisema baba yake. "Toka juu mpaka chini."