Silinda wa Tatu Anammisi Shangazi

Usiku wa jana niliota nimesimama paredi shuleni, na waliokuwa wakiitwa majina hawakuwa wanafunzi. Ilikuwa injini ya gari la Shangazi Sekela.

Msomaji anastahili kwanza kulijua gari lenyewe. Ni fupi, jekundu, la milango mitatu, limenizidi umri, na lina tabo, kile kifaa kinachoisukumia injini hewa ya nguvu. Shangazi, dada yake Baba, hulipandisha milima ya kutoka Tukuyu hadi Mbeya kwa namna ambayo malori huachia njia bila kuombwa. Lakini tangu alazwe kwa upasuaji wa goti, gari limeanza kumisi, kama wasemavyo mafundi. Linanguruma, linakwama, linashtuka kama mtu mwenye kwikwi. Fundi Gwakisa akalichomeka kompyuta yake. Kompyuta ikasema silinda ya tatu imekufa, injini ishushwe.

Baba, ambaye hajawahi kulipenda gari hilo, alipokea msiba kwa uso wa harusi.

"Mwanamke wa umri wake," alisema, "tena mwenye goti la kushonwa, gari la mbio la nini?"

Akapatana na Kibonde, mnunuzi wa vyuma chakavu, aje asubuhi kulichukua. Shangazi hakuambiwa. Nilipopinga, niliamriwa kwenda kulala. Nililala kwa hasira, bila hata kuvua sweta, na naamini ndiyo maana niliota kwa hasira.

Sasa tuko paredi.

Mwalimu wa zamu ni ile kompyuta ya Fundi Gwakisa. Amevaa tai. Waya wake unaning'inia nyuma kama mkia, nami sicheki, kwa sababu shuleni kwetu ukimcheka mwalimu wa zamu unafyeka nyasi mpaka unazijua kwa majina.

Mbele yake wamejipanga silinda. Ni vijana wanene, wafupi, kila mmoja ana plagi ya kutolea cheche utosini badala ya kofia.

"Silinda wa Kwanza!"

"Nipo!"

"Silinda wa Tatu!"

Kimya.

"Wa Nne!"

"Nipo!"

"Wa Pili!"

"Nipo!"

Nainua mkono. "Samahani, Mwalimu. Umeruka. Baada ya moja ni mbili."

"Kijana," anasema Kompyuta, "injini huitwa moja, tatu, nne, mbili. Wanaohesabu moja, mbili, tatu, nne hawajawahi kufika popote."

Nawaza juu ya maisha yangu. Naona ana hoja.

"Nipo!" inapaa sauti nyuma yetu.

Ni Bwana Tabo, mzee mnene mwenye mashavu ya mpiga tarumbeta. Huyu huchelewa kuitikia kila jambo, kisha huitikia kwa nguvu kupita kiasi.

"Hujaitwa," anasema Kompyuta.

Tabo anaanza kujaza hewa mashavuni. Tunaendelea.

"Silinda wa Tatu amemisi paredi. Sheria ya shule iko wazi. Anayemisi, anashushwa."

"Anashushwa darasa?" nauliza.

"Inashushwa injini nzima. Wote watayeyushwa, watakuwa masufuria."

Silinda wa Pili anaangua kilio. "Mimi sitaki kuwa sufuria! Hata kupika sijui!"

"SAMAHANI!" anasema Tabo.

Hapo anajitokeza kiranja wetu, Taa ya Injini ya kwenye dashibodi, kadogo, ka rangi ya chungwa, kanakowaka kwa kila jambo na kasikojua lolote. "Mwalimu, kuna shida!"

"Shida gani?"

"Kuna shida!"

"Iko wapi?"

"Kuna shida, Mwalimu! Halafu huyo Wa Tatu anavuta! Nimeona moshi!"

"Havuti," anasema Silinda wa Kwanza. "Anatoa. Jifunze tofauti, mbea wewe."

Mimi bado nimekwama kwenye neno moja. Nainua mkono tena.

"Mwalimu, anammisi nani?"

Paredi nzima inageuka kunitazama.

"Umesema anamisi," naendelea. "Mtu hamisi hivihivi tu. Lazima kuna anayemmisi."

Uso wa Kompyuta unapepesa. Anatafuta. Anatafuta tena.

"Swali hilo halina namba ya kosa," anasema. "Na kisicho na namba ya kosa hakipo."

"Basi nitakwenda kumuuliza mwenyewe."

"Huna ruhusa ya kutoka nje ya uzio."

"Ningekuwa nayo nisingejisumbua kutoka," namjibu, kisha napita kwenye tundu la senyenge nyuma ya choo. Kila shule ya bweni ina tundu hilo, na wanaosema kwao halipo hawajatafuta.

Upande wa pili wa senyenge ni bweni. Paa lake ni boneti. Kuna vitanda vinne vya chuma, na vitatu vimetandikwa vizuri. Cha tatu si kitanda. Ni kisima.

Chini kabisa, amezama mpaka kifuani, amekaa Silinda wa Tatu. Plagi yake imelowa chepechepe.

Kwa kuwa amenizidi umri, namsalimu inavyopasa. "Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Usinitazame."

"Wanasema umekufa."

"Nani kasema?"

"Kompyuta."

"Kompyuta aliniuliza nini? Alinichomeka tu, akaondoka."

"Mbona sasa huitiki ukiitwa?"

"Kila nikitoa cheche, inazimika. Huoni maji?"

"Maji ya nini?"

Ananitazama kwa dharau. "Wewe ukilia hutoka nini, oili?"

Nakaa kwenye ukingo wa kisima.

"Nilimzoea," anasema. "Kila asubuhi, kabla hajawasha, alikuwa ananipigapiga dashibodi: 'Haya mwanangu, twende tukawaaibishe wenye magari makubwa.' Siku hizi anaingia baba yako. Anazungusha ufunguo, anasema, 'Shenzi.' Hebu niambie, wewe ungewaka kwa 'shenzi'?"

"Mimi huamka kwa 'shenzi' kila siku, lakini siwaki."

"Umeona."

"Shangazi anarudi keshokutwa."

"Keshokutwa mimi ni sufuria."

"Huwi sufuria."

"Nani kasema?"

"Mimi, Ambakisye."

"Una cheo gani?"

Huwezi kumdanganya mtu aliye ndani ya kisima. "Kidato cha tatu."

"Tatu?"

"Tatu."

Anafikiri. "Basi tutaelewana. Fanya haraka."

Navua kiburi, sweta sivui. Nazamisha mkono wa kulia, mkono wa sweta unafyonza maji, naukamulia nje ya dirisha, nazamisha tena. Maji yanapungua. Plagi inatokeza kichwa. Silinda wa Tatu anapiga chafya, na chafya ina cheche.

"Simama hapo hapo!"

Kompyuta amefika na kiranja wake. Waya wake unaingia mlangoni muda mrefu baada yake.

"Kuna shida!" anasema kiranja.

"Ambakisye," anasema Kompyuta kwa upole wa walimu wanaokaribia kuchapa, "silinda huyu amekufa. Mimi ni mashine, sikosei. Sema tu 'nakubali,' yaishe."

"Sikubali."

"Baba yako amekubali."

"Gari si lake."

"Ukikubali, bwalo limefunguliwa. Leo kuna wali na nyama."

Lazima niseme ukweli: nilitetereka. Shuleni kwetu wali ni habari ya Jumapili, na nyama ni habari ya kusimuliwa. Harufu ilikuja hadi puani. Silinda wa Tatu alinitazama kutoka kisimani.

"Sikubali," nasema, ingawa si kwa sauti niliyoitarajia. Narudia. "Sikubali! Mngoje mwenyewe arudi, mmwambie usoni kwamba gari lake limekufa. Kama mna ubavu."

Kimya.

Kompyuta ananyoosha tai yake.

Kisha mahali fulani mbali unaanza mluzi. Unakua. Vitanda vinatetemeka, boneti inapigapiga, na Bwana Tabo, ambaye ndiyo kwanza ujumbe umemfikia, anafungua mashavu yake:

"SIKUBALIIII!"

Upepo unambeba Kompyuta na tai yake, unatoka naye dirishani, waya ukimfuata. Kiranja anafungua mdomo aseme kuna shida, anazimika kama mshumaa.

Bweni linaondoka. Sasa ni barabara ya Mbeya, migomba inatukimbia huku na huku, malori yanaachia njia. Kwenye usukani yuko Shangazi, na gauni la hospitali, bandeji gotini.

"Shangazi, goti!"

"Limepasuliwa goti, si akili," anasema, anabadilisha gia. "Shika ulipo, mwanangu."

Nilizinduka kwa ngurumo.

Haikuwa ya ndoto. Ilikuwa nje, uani. Nilikimbia hadi barazani. Kibonde alikuwa ameketi ndani ya gari jekundu, amelisogeza kuelekea lori lake, na injini ilikuwa inaunguruma laini, bila kwikwi hata moja. Alikanyaga mafuta kidogo, akasikiliza. Akazima. Akashuka, akafunga mlango taratibu, kama anayetoka chumba cha mgeni wa heshima.

"Mzee Mwaisumo," alimwambia Baba, "mimi nanunua maiti. Huyu mzima."

"Wewe lichukue tu."

"Silichukui, mzee. Nikiyeyusha kitu kinachopumua hivi nitaota."

Akapanda lori lake, akaenda zake.

Baba alifungua boneti, akachungulia, akaguna. Mimi nilikuwa nimeshapiga simu. "Shangazi? Shikamoo. Gari lako zima, linakusubiri. Ndiyo, Baba yupo hapa. Anasema atalilinda mpaka urudi."

Kutoka kwenye simu, Shangazi alisikika hata na majirani: "Mwambie kaka yangu ahsante sana!"

"Karibu, dada," alisema Baba, maana angesema nini? Kisha akaninong'oneza, "Ilikuwa mvua tu. Maji yaliingia kwenye plagi, yakakauka yenyewe. Usijitie umefanya muujiza."

"Ndiyo, Baba."

Akaingia ndani. Nikautazama mkono wangu wa kulia. Sweta lilikuwa limelowa hadi kwenye kiwiko, linadondosha matone kwenye saruji.

Nililamba tone moja, kwa uchunguzi.

Mvua ya Tukuyu naijua. Ni nyingi, ni ya baridi, lakini haina chumvi.