Picha Haisemi Uongo

Meneja wa usafiri alimrushia dereva wake, Mguu Mwepesi, rundo la picha mezani, zote za sura ya dereva mwenyewe. Katika kila picha dereva huyo alikuwa amekunja uso kama aliyelamba ndimu.

"Mara mia tatu na kumi na mbili kwa mwezi mmoja!" meneja alisema. "Gari limefunga breki lenyewe kwa sababu wewe hukufunga. Saini kosa lako hapa. Wiki ijayo usipobadilika, utaacha funguo."

"Bosi, nina miaka ishirini na sita barabarani. Sijagonga hata kuku."

"Picha haisemi uongo."

Hasira zikampanda Mguu Mwepesi mpaka masikio yakawaka. Jina hilo alipewa na abiria wake, wagonjwa wa figo aliowapeleka hospitali kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, kwa sababu alivyofunga breki hata chai haikumwagika. Mwezi uliopita akaletewa gari jipya lenye jicho la mbele la kutazama barabara, na jicho dogo kwenye dashibodi la kumpiga picha dereva kila breki inapojifunga na kuionyesha kwenye kioo cha hapo hapo. Tusilionee: kwenye barabara kuu lilimwokoa kweli siku lori lilipozimika ghafla mbele yake, naye alilishukuru kwa sauti kama anamshukuru mtu. Lakini huku mjini, pikipiki zinapita kwapani mwa gari na mkokoteni unadai njia sawa na basi. Jicho liliona ajali kila hatua. Lilipiga kelele, likafunga breki bila hodi.

Jana tu, breki ilipojifunga, bibi wa kiti cha mbele, aliyekuwa ndiyo kwanza ametoka kwenye mashine ya kusafisha damu, alijigonga mkono wenye bandeji, damu ikachuruzika mpaka kwenye gauni. Hakulalamika. "Leo mguu wako mzito, mwanangu," alisema tu. Maneno hayo yalimchoma Mguu Mwepesi kuliko barua yoyote ya ofisi.

"Sisaini," alisema, akasukuma picha pembeni. "Twende ukaendeshe wewe. Mpaka kwenye mzunguko wa sokoni na kurudi. Gari likinyamaza, nasaini, na funguo nakuachia leo leo."

Meneja akacheka, akachukua funguo. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Hawajavuka geti, gari likalia: pikipiki. Likalia tena: mwanamke na ndoo. Kwenye kona likafunga breki kwa ajili ya mkokoteni uliokuwa ukijiendea zake, na kioo cha dashibodi kikaonyesha picha ya meneja, macho yamemtoka. Kicheko kiliisha hapo. Mpaka wanafika kwenye mzunguko shati lake lilikuwa limelowa.

Taa ilikuwa nyekundu, ila trafiki alisimama katikati ya barabara akiwapungia mkono wapite, upesi. Kila dereva wa mji ule anajua: trafiki akisema pita, taa ni pambo. Meneja akakanyaga mafuta. Jicho halikuona amri yoyote; liliona mtu yuko mbele. Breki ikajifunga kwa kishindo, na lori la mchanga lililokuwa nyuma likawabamiza puu!

Wote wawili wakateremka, wakaenda nyuma kutazama taa zilizomwagika chini. Trafiki akaja amefura.

"Nawaambia piteni, mnasimama! Nani alikuwa anaendesha?"

Meneja akamnyooshea kidole Mguu Mwepesi. "Huyu, afande. Ndiye dereva wetu. Ana rekodi mbaya sana."

Mguu Mwepesi alimkodolea macho. Miaka ishirini na sita! Alitamani kumkunja shati. Badala yake akaenda mbele, akafungua mlango wa dereva mpaka mwisho. Kwenye kioo cha dashibodi palikuwa na uso mmoja tu, umejikunja kama aliyelamba ndimu, na haukuwa wake.

"Iulize picha, afande," alisema. "Haisemi uongo."